Ua Juu ya Mstari wa Nsimire

Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi katika ofisi moja mjini Kamembe, nikisubiri cheti, karani alipofungua chupa ndogo ya blanko, ule wino mweupe wa kufutia makosa. Harufu yake kali na tamu kidogo, kama rangi mpya ya mlango iliyochanganyika na ndizi iliyoiva kupita kiasi, ilinifikia hadi kwenye benchi. Karani alifuta herufi moja tu, akapuliza, akaendelea na kazi yake. Mimi nilitoka nje kutafuta hewa. Acheni niwaeleze sababu, maana sijawahi kuieleza yote kwa mtu yeyote.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na tuliishi Gihundwe. Baba alikuwa mfasiri katika kituo cha kanisa kilichosaidia watoto kupitia wafadhili wa ng'ambo. Kila mtoto alikuwa na mfadhili wake, mtu mmoja wa mbali aliyemsomesha, aliyemwombea na kumwandikia barua. Kituo kilisimamiwa na mmisionari aliyeitwa Marit, mwanamke mrefu, mwenye miguu mikubwa, aliyetembea haraka hata alipokuwa haendi popote. Kwao ni nchi ya baridi ambako, alituambia, ziwa huganda hadi watu hupita juu yake kwa miguu. Sisi tulioamka kila siku tukiliona ziwa Kivu tulimheshimu mno kumwambia kwamba anatudanganya. Kiswahili alijifunzia kwetu, kwa hiyo alisema "batoto" kama sisi, ila kila neno alilitoa taratibu kama mtu anayepakua mayai.

Jumamosi ilikuwa siku ya barua. Watoto walikunywa uji wa soya, wakapangusa midomo, wakaketi kuandika, wengine kwa Kinyarwanda, wengine kwa Kiswahili ambacho wazazi wao walirudi nacho kutoka Congo. Ukutani Marit alikuwa amebandika karatasi ya maagizo: shukuru, simulia ya shule, usiombe kitu chochote. Agizo hilo la mwisho lilikuwa na historia. Mvulana mmoja aliwahi kumwomba mfadhili wake ng'ombe, "hata mudogo," na mfadhili akauliza kama kanisa ndilo linalofundisha watoto kuombaomba. Marit aliona aibu kubwa. Baba alisema kila mara, "Barua chafu moja inaweza kufunga mlango wa batoto mia."

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba barua hazina uchafu kabla hazijafika kwa Baba. Nilikuwa na mwandiko mzuri na subira, basi nikakabidhiwa chupa ya blanko. Nilifuta madoa ya uji, majina yaliyokosewa, na mara moja mchoro wa mchungaji akiwa na tumbo kubwa kuliko la kweli. Mahali pa doa nilichora ua dogo lenye petali tano. Watoto waliniita Sekretere, na nilijifanya sipendi jina hilo. Marit alizoea kuinua barua zangu kwenye dirisha na kusema, "Safi. Safi sana." Sikumbuki kama kuna sifa niliyoitamani zaidi mwaka ule.

Nsimire alikuwa jirani yangu wa dawati. Baba yake alikuwa amefariki. Aliishi na mama yake pamoja na baba yake mdogo, aliyeendesha lori la mawe huko Muganza. Mfadhili wake alikuwa bibi aliyeitwa Dorothea, mwenye paka kilema, na Nsimire alimwombea yule paka kila jioni kwa jina. Dorothea aliandika mara nyingi kuliko wafadhili wengine wote. Kurasa zake zilikuwa na vibandiko vya ndege na nyota, ambavyo Nsimire alivigawa kwa haki kabisa: kimoja chake, kimoja changu. Mimi sikuwa na mfadhili kwa kuwa Baba alikuwa na mshahara. Nataka niwe mkweli hapa: nilivipokea vile vibandiko kwa mkono mmoja, na kwa moyo nilihisi kwamba Dorothea angenifaa mimi zaidi.

Jumamosi moja Nsimire aliandika polepole kuliko kawaida, akaniwekea barua yake mezani huku ameigeuza, maandishi yakiwa chini.

"Sekretere, hiyo usiiguse. Iko safi."

Niliigeuza alipotoka. Ilikuwa safi kweli, shukrani na habari za shule, hadi pale chini kabisa, ambapo alikuwa ameminya mstari mmoja wa herufi ndogo:

*Maman, baba mudogo anatuhamisha Bugarama. Mi nataka kubakia hapa nisome. Umuambie Maman Marit aniache.*

Niliusoma mara mbili. Nilielewa kila neno. Nilielewa pia kwa nini hakumwendea Marit mwenyewe: kwetu mtoto hatoi siri za nyumba kwa mkubwa wa nje, na baba yake mdogo alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga. Tena nilijua kwamba kituo kilikuwa na akina mama wa kanisa waliokubali kulaza watoto wa namna hiyo. Mwaka ule watoto hao walikuwapo wawili. Barua ile ingefika kwa Baba, Baba angemsomea Marit, na Marit angekwenda kwa Nsimire jioni hiyohiyo kwa ile miguu yake mikubwa.

Lakini ulikuwa ni mstari unaoomba. Nilitazama ukutani, nikafungua chupa. Nilipitisha brashi mara tatu mpaka weupe ukawa mnene, nikapuliza, nikachora ua. Lilikuwa ua langu zuri kuliko yote.

Baada ya majuma mawili nafasi ya Nsimire ilikuwa wazi. Jirani yao alikuja kusema wamehama, na Marit akaandika "amehama" kwenye orodha, akauliza kama kuna aliyejua mapema. Hakuna aliyeinua mkono. Mimi nilikuwa nachonga penseli.

Jibu la Dorothea lilifika masika yalipokuwa yanaisha. Baba aliifungua barua mezani, Marit akiwa dirishani, nami nikipanga bahasha. Alianza kuifasiri kwa sauti, habari za paka zikapita, kisha akapunguza mwendo. Dorothea aliandika kwamba kwenye barua ya mwisho aliona weupe umeinuka chini ya ua. Alikuwa ameukwangua kwa ukucha. Kulikuwa na maneno, lakini kwa kukwangua aliyaharibu, yasisomeke tena hata na anayejua lugha yetu. Aliuliza: mtoto wangu alitaka kuniambia nini?

Baba aliiweka barua mezani. Aliyajua yale maua.

"Ni weye?"

"Ni mimi, Papa."

"Aliandika nini?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimeushika mstari wote kichwani, kama mtu anavyoshika aya ya kukariri. Baba aliikunja barua ya Dorothea. Marit ndiye aliyeketi, kwenye benchi la watoto lililokuwa fupi mno kwake, magoti yakimfika kifuani.

"Mimi nilikufundisha," akasema. Nilingoja anigombeze, hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi.

Siku ya tatu tuliteremka Bugarama kwa gari la kituo. Baada ya Muganza, ambako malori yalitumwagia vumbi la saruji, joto lilituingia hadi kwenye nywele. Nyumba yao ilikuwa kando ya mashamba ya mpunga. Mama yake Nsimire alikuwa kwenye mkeka, miguu imevimba kama magogo, na Nsimire alisimama mlangoni akiwa na debe kuukuu mkononi. Alikuwa amekonda, na mabega yake yalikuwa ya mtu mzima.

Marit hakujua kuzunguka. Alisema hapohapo, mbele ya mama, "Nsimire, wewe uliandika: *mi nataka kubakia hapa nisome, umuambie Maman Marit aniache.* Ilifunikwa, hata Dorothea hakuweza kusoma. Sasa mimi nimesikia. Nimekuja."

Nsimire alimtazama Marit, kisha akanitazama mimi. Mama yake alianza kulia bila sauti.

"Maman Marit," akasema, "kama mungekuja mbele ya mvua kuanza, ningekupa. Tena kwa mikono miwili. Sasa mi siko na miguu. Shemeji naye ni wa lori, analalaka njiani. Nani atafukuza ndege? Nani atanipikia?"

Marit alitaja daktari, alitaja shule ya hukuhuku, na kila alichokitaja mama alikijibu kwa "aksanti, Maman," ile aksanti inayofunga mazungumzo.

Wakati wakubwa wakiendelea, Nsimire alinivuta hadi ukingo wa shamba. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama. Tulisimama bega kwa bega bila kutazamana.

"Ile maneno yangu," akasema, "uliifunika mbele ya kusoma, ao nyuma ya kusoma?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa matusi, hata kwa kofi. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa.

"Mbele," nikasema. "Niliona tu mustari umepita pembeni, nikafunika. Sikusoma."

Alitikisa kichwa taratibu, akikubali.

"Basi haina neno," akasema.

Kundi la ndege likashuka upande wa pili, naye akakimbia kwenye tuta akilipiga debe na kupiga kelele, "Eeeh! Wezi! Muende Burundi!" hata nikacheka. Hakurudi tulipoaga. Marit aliponiita garini, yeye alipunga mkono kutoka mbali.

Tuliporudi Marit aliibandua ile karatasi ukutani. Mwaka uliofuata alirejea kwao, na nafasi ya Nsimire kwa Dorothea ilipewa mtoto mwingine. Nsimire hakusoma tena. Hilo nalijua kwa uhakika, kwa sababu niliuliza.

Lililobaki nilichelewa sana kuliona, ingawa ni mimi ninayependa mambo yapangwe kwa mfuatano. Nilikuwa mtu mzima, nikipasi nguo, nilipoipanga siku ile upya. Dorothea hakuweza kuyasoma yale maneno. Baba hakuyaona kamwe kwa macho yake. Hata hivyo Nsimire aliyasikia mlangoni kwao, neno kwa neno, kutoka kinywani mwa Marit, kabla ya kunivuta shambani. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumpa Marit maneno yale, na mtu huyo ni lazima alikuwa ameyasoma. Aliniuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo tayari. Alinifungulia mlango nipite nikiwa mkweli, na nilipokataa, alinifungulia mwingine.

Nami sikuona lolote. Nilipanda gari nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo, nikala ndizi zote tulizonunua Muganza, na usiku ule, nakumbuka vizuri, nililala fofofo.