Barua Niliyoandika kwa Kipolandi

Kitabu cha kujifunzia Kipolandi kilikuwa cha kaka yangu. Alikuja nacho mara ile moja aliyorudi likizo kutoka Poland, alikokuwa amepelekwa kusomea uinjinia, akakisahau chini ya kitanda kwetu, karibu na Kwa Vonza. Hakukihitaji tena, maana huko alikuwa ameoa na lugha alikuwa nayo mezani kila siku. Miaka sita baadaye ikaja telegramu kwamba amefariki na amezikwa huko huko. Mama alikaa sakafuni siku nne, hataki kiti wala uji.

Halafu ikaja barua ya yule mjane, na ndani yake picha ya msichana mdogo mwenye paji la uso la mama yangu. Kurasa mbili nzima tulielewa neno moja tu, jina la mama, kwa sababu kaka alimpa bintiye jina hilo kama desturi yetu inavyotaka. Nikasema niipeleke kwa mapadri wa misheni, huenda mmoja wao anajua Kipolandi.

Mama akafoka. "Barua ya mwanangu isomwe na watu baki? Wewe si ni mwalimu? Soma!"

Mwalimu wa darasa la tatu, jamani! Lakini nani angembishia mama? Nikatoa kitabu, nikakipangusa vumbi, na kila jioni nikitoka shule nikawa ninakaa kwenye kivuli cha ghala kujifunza upya kama mtoto wa chekechea.

Somo la kwanza lilikuwa rahisi mpaka nikaringa. *To jest dom*, hii ni nyumba. *Matka jest w domu*, mama yuko nyumbani. *Gdzie jest matka?* Mama yuko wapi? Balaa lilianza na ng'ombe. *Krowa* ni ng'ombe, sawa. Ukiwa naye unasema *mam krowę*. Ukiwa huna, *nie mam krowy*. Ala! Ng'ombe yule yule anabadilishwa mkia kwa kuwa tu hayuko zizini? Na kitenzi chao hakikuambii ni nani anayetenda mpaka ufike mwisho: *mam* ni mimi, *masz* ni wewe, *ma* ni yeye. Sisi tunamtaja mtu mlangoni kabisa, ninayo, unayo, anayo, kisha ndio mengine yafuate. Nilikasirika mara nyingi, nikakitupa kile kitabu, nikakiokota. Pembeni kaka alikuwa ameandika kwa penseli, kwa Kikamba, "hapa hata mimi nililia". Nilipoyaona maneno hayo nililia pia.

Mvua ilikataa misimu miwili. Tukala mahindi ya manjano ya msaada, na ile sentensi ya kukosa ng'ombe nikawa ninaisema bila kitabu. Mama akaanza kukonda. Kitu kilimshika tumboni, macho nayo yakaingia ukungu. Daktari wa Kitui alinivuta kando akaniambia nisimsumbue tena na safari za hospitali. Jioni hiyo niliandika kwenye daftari langu la mazoezi, *Matka jest chora*, mama ni mgonjwa. Nikaangalia kitabuni. Nilikuwa nimeipata, kila herufi mahali pake, na nilijichukia kwa kule kufurahi.

Wakati huo nilikuwa nimeshaielewa barua. Mjane alikuwa anauliza: mama anaendeleaje? Wanaweza kuja mwaka huo huo, ila msichana ataacha masomo katikati. Kama mama ni mzima, afadhali wangoje amalize shule.

Nilimsomea mama. Akasema anataka jambo moja tu kabla ya kwenda, kumtemea mate kifuani yule aliyebeba jina lake, baraka ya wazee, ili asibaki duniani kama mtu aliyeokotwa. "Andika waje," akasema. "Lakini andika vizuri. Usimpige mtu na ugonjwa hata hujamsalimu."

Nami nikaandika vizuri. Nikaandika kama tulivyofundishwa wote kuandika barua, kwamba sisi huku ni wazima wa afya, hofu ni kwenu mlio mbali. *Matka jest zdrowa.* Mama ni mzima. Kila mtu kwetu huandika hivyo, hata akiwa ameshikilia kalamu kitandani, na msomaji wa kwetu hulipita neno hilo mbio akitafuta "ila" iko wapi. Nikaweka salamu za majirani, nikaweka habari za mvua, nikasema karibuni sana. Ile "ila" sikuiandika. Nilijiambia mgonjwa husemwa mgeni akishafika, akishakaa, akishanywa chai. Daftari lenye *chora* lilikuwa pale pale, chini ya kiwiko changu.

Walikuja baada ya miaka miwili. Msichana alikuwa amemaliza shule. Mama alikuwa kaburini mwaka mmoja na miezi, na hata hilo nilikuwa sijaliandika, kila wiki nikisema wiki ijayo.

Mjane alishuka na mkoba mmoja, akanikumbatia, akatazama mlango wa nyumba ya mama uliofungwa. "*Gdzie jest matka?*" akauliza. Sentensi ya somo la kwanza! Jibu la kitabu nilikuwa nalo kinywani, *matka jest w domu*, nikalimeza. Nikanyoosha mkono upande wa ua wa mnyaa, kwenye rundo la mawe ya kaburi.

Akatoa barua yangu mkobani. Alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka imechanika kwenye mikunjo. Akaweka kidole chini ya *zdrowa*, akanitazama, akauliza kwa nini, polepole, kama anayemsemesha mtoto. Nilielewa. Nilitafuta maneno ya kumwambia kwamba kwetu ile haikuwa habari, ilikuwa salamu. Sikuyapata, na hata leo sidhani yangetosha.

Msichana alitupita. Alikwenda akasimama mbele ya mawe. Baba yake alikuwa amemwambia mama yake, naye mama yake akamwambia yeye, jinsi nyanya atakavyompokea. Akafungua kifungo cha juu cha blauzi, akangoja. Kisha akanigeukia mimi, kifua wazi, maana mimi ndiye mkubwa niliyebaki. Nikasogea, nikafungua kinywa. Kilikuwa kikavu kabisa.