Mwanga Uliogeukia Kulia

Kwa miaka kumi na tisa Priska, mzaliwa wa Mwika, alikuwa fundi wa maabara ya kemia katika chuo kimoja mjini Moshi, na hakuwahi kuvunja hata bomba la kioo. Asubuhi ile alisimama mezani asiamini macho yake.

Mbele yake palikuwa na kichupa cha unga ulioyeyushwa, kazi ya miaka mitatu ya Daktari Emilian, mtafiti mkuu wa maabara hiyo. Ndani yake mna metali iitwayo yuropiamu. Ukiumulika kwa taa ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, huwaka mwekundu kama kaa la moto. Molekuli zake zimejisokota kama kamba, na msokoto huo hujulikana kwa kuutazama mwanga wake kupitia vichujio viwili, cha msokoto wa kushoto na cha msokoto wa kulia. Siku zote mwanga ulikolea kwenye kichujio cha kushoto. Leo umekolea kulia.

Akafuta vichujio, akapima tena. Kulia.

Ndipo alipoisoma lebo ya chupa ya kimiminika alichoyeyushia unga. Asetoni, si klorofomu. Na ule ulikuwa unga wote uliobaki.

“Ruwa wangu,” alimwita Mungu kwa Kichagga. Hakuna aliyemwona. Angeweza kumwaga, aseme kichupa kimepasuka. Mkono ulikuwa umeshakishika kichupa mlango ulipofunguliwa.

“Shikamoo, Daktari.”

“Marahaba, Mama Gladys. Mbona kama umefiwa?”

Maneno yalimtoka yenyewe. “Nimeharibu, Daktari. Nimechanganya chupa. Nimetia asetoni kwenye unga wote.”

Mzee Emilian aliinama kwenye vichujio, akapima mwenyewe.

“Ukaushe,” alisema hatimaye. “Uyeyushe kwa klorofomu. Wewe mwenyewe.”

Ilichukua karibu saa nzima, na Priska alihesabu kila tone kwa hofu. Mwanga ukarudi kushoto. Wakakausha, wakatia asetoni: kulia. Unga haukuharibika, ulikuwa unageuza msokoto wake kila ulipobadilishiwa kimiminika.

Emilian akaketi, akacheka peke yake. “Miaka yote mitatu nimeutafuta mgeuko huu kwa kuupasha unga joto, kumbe ni kimiminika!”

Priska hakuweza kucheka.

Wiki hiyo mzee alitia saini karatasi mbili: ripoti ya ugunduzi huo yenye jina la Priska, na barua ya onyo kwa kutosoma lebo. Mama yake Priska kule Mwika alionyeshwa ripoti tu. Mpaka leo Priska husoma kila lebo kwa sauti, mara tatu, na akifika kwenye asetoni huisoma mara ya nne.