Chumba Chini ya Ua wa Ngome

Kwa misimu miwili ya baridi nilisoma habari za ngome moja ya kusini mwa Hispania, iliyojengwa juu ya kilima na Waislamu waliotawala huko zama za kati, ambao Wazungu waliwaita Wamoro. Nilisomea kwenye treni kutoka Spånga, kitongoji cha huku Ulaya ninakoishi, kwenda kazini, nikinakili vipimo daftarini. Kisha nikaenda kuiona. Kuta zake ni udongo na chokaa, vilivyoshindiliwa kati ya mbao, tabaka juu ya tabaka. Matundu ya mbao yangali yanaonekana. Niliupima ukuta kwa futi niliyokwenda nayo, nikaupima tena. Sikuamini kwamba udongo waweza kusimama hivyo.

Kanisani kwetu, Jumapili moja kila mwezi baada ya chai, mshirika mmoja hufundisha jambo analolijua. Wengi wana shahada, mimi sina. Kwa zamu yangu niliandika kurasa nane, nikitaka waone kwamba nami nimesoma.

Tukipanga viti, nilimwonyesha rafiki yangu, Mrundi anayeweka vigae mabafuni, picha ya chumba kilicho chini ya ua wa ngome. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu ya mateka waliofungwa humo. Mimi ni mtu wa Mombasa: ngomeni kwetu, ukiona chumba chenye giza, utaambiwa kilikuwa gereza.

Akaikuza picha. "Mwalimu, wafungwa wako walikuwa samaki?"

"Kwa nini?"

"Tazama kona. Ukuta na sakafu vimeunganishwa kwa mviringo, na plasta imepanda mpaka juu. Hii ni kazi ya kuzuia maji. Hata mimi bafu naanzia hapo."

Watu walikuwa wameshaketi. Ningeweza kuusoma ukurasa ule. Angejua yeye tu.

"Ukurasa wa tano nimekosea," nilianza, nikamwomba fundi aeleze kona. Kisha nikaendelea bila karatasi: mwamba ule hauna chemchemi, basi mvua ilikusanywa chini ya ua ili waliozingirwa wapate kunywa.

Muuguzi mmoja Mkenya akauliza, "Na plasta yenyewe ingalipo?"

"Ipo, dada. Nimeigusa."

"Bafu zangu nazitolea dhamana ya miaka kumi," fundi akadakia. "Jamaa hawa nawavulia kofia!"

Wakacheka. Muuguzi akavuta kiti mbele.

"Haya, kaka. Na kuta?"