Alama Nilizozitolea Ushahidi

Nitaanza kwa kutenganisha. Niliyoyaona kwa macho yangu ni karatasi, alama zake, mkono ulioungua, na uso wa daktari aliponigeukia. Mengine, yaani safari za vidonge kutoka Maisaka hadi Bonga, niliambiwa tu. Lakini niliambiwa mapema, na ninalazimika kukiri hivyo. Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo hadi nilipostaafu, na shahidi aliyeanza na neno "nasikia" sikumruhusu kuimaliza sentensi yake.

Mtaani kwetu Maisaka, mhudumu wa afya, mama anayezunguka nyumba kwa nyumba na begi lake mgongoni, alituomba wastaafu tuwasaidie wazee wenye maradhi zaidi ya moja: tuwasomee kadi, tuwasindikize kliniki, tuhakikishe kwamba dawa zinamezwa. Mimi nilipewa jirani yangu, mjane anayenizidi umri, mwenye sukari, presha, na magoti yasiyomruhusu tena kuinama katika shamba lake la mbaazi. Pakiti zake zote za vidonge alikuwa amezitia katika kopo moja la majani ya chai.

Nilifanya kazi kama nilivyozoea. Nilipiga mistari kwenye karatasi, nikachora jua kwa dawa za asubuhi na mwezi kwa dawa za jioni, kwa kuwa anasoma kwa shida, kisha nikamwagiza aweke alama kila kidonge kinapotoka kwenye pakiti.

"Mheshimiwa, nikisahau utanifunga?" aliuliza.

"Nitaandika kwamba umesahau."

"Afadhali unifunge. Huko watanipikia."

Kila Jumatatu asubuhi nilibisha hodi, nikamwamkia, nikakagua. Haikukosekana alama hata moja. Nilizitunza karatasi hizo katika jalada, na naona haya kusema kwamba niliwaonyesha wastaafu wenzangu ili wajifunze.

Siku moja mhudumu wa afya alinisimamisha njiani. "Shikamoo, Baba. Nasikia yule mama anagawana dawa na mdogo wake wa Bonga. Eti bodaboda ndiye anayepeleka."

"Marahaba. Umeona?"

"Sijaona. Nimesikia sokoni."

"Basi hujui."

"Ungemwuliza tu, Baba."

"Siwezi kumhoji mama mzima kwa maneno ya sokoni."

Sikumwuliza. Swali moja tu lingetosha, tena nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa michongoma.

Tulipokwenda kliniki, kipimo kilionyesha kwamba sukari bado iko juu. Daktari, kijana mpole, alimwuliza jirani yangu kama anameza dawa zote. Kabla hajafungua kinywa, niliweka jalada mezani.

"Anameza zote," nilisema. "Nathibitisha."

Jirani yangu alinitazama, kisha akatazama sakafu. Nililiona hilo, nikalitafsiri kuwa ni heshima. Daktari akaongeza dozi: kidonge kimoja cha sukari kwa siku kikawa viwili.

Jumatatu moja, wiki chache baadaye, nilibisha hodi bila kujibiwa. Nilimkuta ameketi chini jikoni, jasho likimtiririka, akizungumza Kiiraqw na mtu ambaye hakuwapo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeangukia jiko la mkaa, na hakuonekana kujua. Nilisimama na karatasi mpya mkononi, kisha nikaitupa, nikauondoa mkono wake motoni. Nilimpigia simu mhudumu wa afya. Alikuja mbio, akamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo, nasi tukampakia katika bajaji hadi hospitali. Sukari, tuliambiwa huko, ilikuwa imeshuka mno.

Alipopata nguvu alinieleza mwenyewe, akiwa kitandani, mkono umefungwa bandeji. Mdogo wake ana sukari kama yeye. Miguu ilipomvimba, aliacha kwenda kliniki. Kwa hiyo waligawana: leo huyu, kesho yule.

"Nimeze peke yangu, mtoto wa mama yangu akiwa hana? Kidonge kingenipitaje kooni?"

Kisha mwana wa yule mdogo alikuja kumchukua, akaenda naye Mbulu. Dawa zote zikabaki kwa jirani yangu, naye akaanza kumeza kila siku, vidonge viwili viwili, kama daktari alivyoagiza kwa kuutegemea ushahidi wangu.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Uliniuliza lini?"

"Na zile alama?"

"Ulisema niweke kidonge kikitoka kwenye pakiti. Kilitoka."

Akanisihi nisimwambie daktari, asije akaitwa mwizi wa dawa. Nilimwahidi. Ahadi ile ilinifaa mimi kuliko yeye, na nilijua hivyo nilipokuwa nikiitoa. Kwa siku kadhaa niliificha aibu yangu nyuma ya hofu yake, ingawa nilielewa kwamba daktari asipojua ukweli atapanga dozi kwa kubahatisha, na kwamba safari nyingine huenda asiwepo mtu wa kubisha hodi.

Siku ya kurudi kliniki, daktari alinigeukia mimi. "Mzee, ilikuwaje? Alikosea kuhesabu?"

Ningeweza kukubali. Jirani yangu alikuwa ameanza kutikisa kichwa kuashiria ndiyo.

"Hakukosea," nilisema. "Nilithibitisha jambo ambalo sikulishuhudia. Alikuwa anagawana na mdogo wake. Niliambiwa mapema, nikakataa kusikiliza."

Daktari aliweka kalamu chini. Nilitamani anikaripie. "Kumbe nilimpandishia dozi mtu ambaye hakuwahi kuimeza kikamilifu ile ya kwanza," alisema taratibu, akakata alichokuwa ameandika, akamrudisha kwenye kidonge kimoja. Kuhusu mdogo wake, alimwambia jirani yangu kwamba akirudi aletwe, naye atapewa dawa zake mwenyewe.

"Sasa ndiyo umenifunga," jirani yangu alinong'ona tulipotoka, bila kunitazama.

Naambiwa kwamba mdogo wake amerudi Bonga na kwamba anapata dawa zake. Naambiwa pia kwamba jirani yangu amenisamehe. Hayo nimeyasikia. Nilichokiona ni asubuhi ya leo: aliweka kidonge kimoja ulimini, akanywa maji, akafungua kinywa ili nione, na mkono ulioshika kikombe ulikuwa na kovu linalong'aa, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko.