Mjumbe wa Siku Moja

Mwaka ule nilikuwa na kibarua cha kuwauliza watu wa Geita habari za simu zao. Watafiti walinipa kishikwambi chenye maswali, nikazunguka nacho sokoni na kwenye machimbo madogo. Swali moja liliwachekesha wengi: kuna mtu ambaye namba yake unayo na hujawahi kumpigia? Wengine walitaja wake zao wa zamani. Mimi ningejibu bila kufikiri: mama mkwe.

Usicheke. Kwetu Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Nikimwona njiani kule kwao Ushetu naingia porini, hata miiba inichome. Kukiwa na neno, linapita kwa mtu wa tatu. Simu nayo tuliipa adabu ileile: nampigia baba mkwe, yeye anamwambia mkewe, jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Miaka sita ya ndoa, mama yule hakuwahi kusema nami hata neno moja.

Kisha mke wangu akajifungua kwa upasuaji, damu ikamtoka nyingi mno. Nikampigia baba mkwe, nikamwambia hali ni mbaya, tuombe Mungu. Kesho yake asubuhi mke wangu alikuwa amevuka hatari, amelala usingizi wa dawa. Nampigia baba mkwe, simu imezimwa. Mzee yuko kwenye kukausha tumbaku.

Mara simu ya mke wangu ikaita. Kwenye kioo, "Mayu", yaani mama. Ikaita, ikakatika. Ikaita tena, na tena. Nikipokea, namvunjia heshima. Nisipopokea, huyu mama ataangua kilio akidhani mwanawe amekufa. Mara ya nne nikapokea.

Lo, mjinga mimi! Kazi yangu ni simu, na bado nikasahau kwamba mama yule hupiga ya video tu ili amwone binti yake. Uso wangu mzima ukamtokea, na wake ukanitokea mimi, macho mekundu kwa kulia. "Mayu wane!" Mama yangu! akapiga ukelele, simu ikaanguka, kioo kikawa cheusi. Lakini hakukata. Nilimsikia akihema.

Haraka nikaielekeza kamera kitandani, nikajificha nyuma ya simu. Sasa mtu wa tatu nimtoe wapi? Wauguzi walikuwa wametoka. Nikamtazama mwanangu, umri wake siku moja, kafungwa kanga, kalala ubavuni mwa mama yake.

"We mwanangu," nikamwambia, "mwambie bibi yako kwamba mama yako yu hai. Daktari amesema atapona. Aiokote simu, amwone."

Nikasikia mkono ukipapasa chini. Halafu kioo kikapata mwanga, nikamsikia akilia taratibu. "Wabeja, mjukuu wangu," akashukuru. "Wabeja sana." Akakaa muda mrefu akimtazama binti yake anavyopumua. Kisha akakohoa kidogo.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako uso wake nimeuona kwa bahati mbaya. Amekonda. Ale."

Tangu juzi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Nililia palepale, mtu mzima mimi, nimeishika simu kwa mikono miwili isitikisike, mama aendelee kumwona mwanawe.