Chuo Kikuu Nilichokigundua Sikuda

Jamani, chekeni mkimaliza kunisikiliza. Nafanya kazi katika mradi wa elimu mjini Busia, upande wa Uganda. Wiki jana nilikuwa nikichunguza ramani ya mtandaoni, ile ya umma ambayo yeyote anaweza kuongeza mahali, nione vijana wa vijijini wako mbali kiasi gani na vyuo. Kumbe Sikuda, tulikodhani hakuna kitu, pana nukta imeandikwa "Chuo Kikuu"! Nikapiga kigelegele ofisini. Bosi wangu, Mama Nafula, ambaye amelilia chuo huko miaka yote, akasema twende tukakione leo leo.

Tulipanda boda moja. Nikamuuliza dereva kama anakijua chuo hicho, naye akacheka.

"Nakijua sana, dada. Hata baba yangu anasoma pale."

"Umesikia, bosi?" nikajigamba. "Mpaka watu wazima wanafundishwa!"

Akatushusha mbele ya kibanda cha nyasi. Ndani, wazee walikuwa wamekizunguka chungu cha malwa, pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni. Mmoja akasimama kwa heshima.

"Karibuni chuoni. Mpwa wangu alikiweka kwenye ramani ili wageni wasipotee."

Nikatamani ardhi inimeze. Mama Nafula akajikaza asicheke, akauliza, "Mzee, wanafunzi wenu huhitimu lini?"

"Kuhitimu?" mzee akashangaa. "Hapa, mama, tunasoma mpaka kufa."