Tulipopanda Mlima wa Watu Uhispania

Ulikuwa mwaka ule unga wa muhogo ulipoadimika Stockholm, sisi Warundi wa mtaa wa Fisksätra tukasonga ugali wa mannagryn, ule unga wa ngano ambao Waswidi wanawapikia watoto uji. Haukushika tonge. Ulilala kwenye sahani kama matapishi, tukala hivyo hivyo. Mwaka huo huo binti yangu akanipeleka Uhispania wiki moja, na mimi, mjinga wa watu, nikajisifu kanisani mpaka wakachoka kunisikia: mtoto wangu amenikumbuka!

Siku ya tatu tukapanda basi kwenda mji wa zamani ulioko juu ya mlima, mimi, yeye na mjukuu wangu wa miaka tisa. Nilivaa kitenge changu cha harusi. Nikabeba bakuli la dagaa wa kukaanga, niliotoka nao Stockholm ndani ya sanduku. Kwetu Burundi mtu haulizwi kijiji, anaulizwa mlima anakotoka, na mlima wa watu haupandwi mikono mitupu.

“Mama, ni mji wa kutazama tu,” binti yangu akasema. “Hatuendi kwa mtu.”

“Mlima mzima hauna mwenyewe?”

“Funika hilo bakuli, basi lote linanuka.”

Kule juu ni ngazi, na ukimaliza, ngazi tena. Magoti yalinililia. Nyumba nyeupe, nzuri, karibu zote zimefungwa. Mlango mmoja tu ulikuwa na mtu: kikongwe wa nguo nyeusi kwenye kiti cha nyasi. Nikajua huyu ndiye mwenye mji. Nikampa mikono miwili, nikamfunulia bakuli. Akanusa, akacheka, akala dagaa mmoja na kichwa chake. Nikakaa kwenye ngazi yake. Lugha hatuna, lakini tulikaa vizuri.

Mswidi mmoja aliyekuwa akiwaongoza watalii wa basi letu akaja mbio, akamnong'oneza binti yangu, naye akanifasiria. Nyumba si ya bibi huyu. Aliiuza. Wenyewe ni wageni, huja wakati wa joto tu. Yeye anakaa ghorofani kule bondeni, na kila asubuhi anapanda na kiti chake.

Hapo hapo binti yangu akatoa karatasi mkobani. Niliijua. Ni ya shamba letu Burundi, mlimani kwetu, alipolala mume wangu kando ya migomba. Shemeji yangu alikuwa amepata mnunuzi, ilibaki sahihi yangu. Kumbe safari ilikuwa ya hiyo.

“Unaona, Mama? Hata yeye ameuza, na anaishi.”

“Anaishi? Anabeba kiti kwenda kukaa mlangoni pa watu!”

“Nani atarudi kule? Wewe, na magoti hayo?”

Hakunitukana. Alisema kweli, ndiyo maana iliniingia mpaka kwenye mfupa.

“Sitii sahihi,” nikamwambia. “Mlima ule hauuzwi nikiwa hai.”

Mjukuu wangu, ambaye nimemlea mimi na hunijibu Kiswidi siku zote, aliuliza kwa Kiswidi chake, bila ubaya wowote: “Na ukifa, bibi?”

Nilingoja mama yake amkemee. Hakumkemea. Aliikunja karatasi taratibu, akaitia mkobani kama mtu asiye na haraka. Kikongwe alinirudishia bakuli, likiwa bado limejaa. Nikashuka zile ngazi nimelikumbatia.

Sasa unga wa muhogo umerudi madukani na ugali unashika tonge, lakini haunishuki. Kila Jumapili tukitoka kanisani binti yangu huweka karatasi ile kando ya sahani yangu, na kalamu juu yake. Habishani tena. Mjukuu anakula huku anatazama simu. Hakuna kati yao anayeujua mlima ule hata kwa picha, na mimi siuoni tena hata nikifumba macho. Najua wananingoja nimalize. Hata hivyo naisogeza kalamu, nasema:

“Sitii sahihi. Mlima ule hauuzwi nikiwa hai.”